Kagua chombo kabla ya kulaumu bomba: utatuzi wa matatizo ya vifaa vya kazi za maji, hita na matengenezo ya nyumbani

Lawama nyingi katika kazi za bomba za nyumbani huangukia kitu kilichofungwa. Koki ni mbovu, bomba ni feki, nati imeganda. Ukichunguza, mara nyingi tatizo lilikuwa mkononi mwa mfungaji: spana isiyo ya saizi ile, bledi iliyogeuzwa, mashine ya kuchomea iliyotumika kabla haijafika joto lake. Mwongozo huu umepangwa kwa dalili. Tafuta inayofanana na yako, anza na sababu ya kwanza kwa kuwa ndiyo inayotokea zaidi, kisha shuka taratibu.

Kuna jambo moja la kushika kabla ya yote, nalo litajirudia humu: nguvu ya kupita kiasi ni dalili. Spana iliyokaa sawasawa kwenye nati nzima haikulazimishi kuning'inia. Biti kali haihitaji kusukumwa kwa kifua. Mkono ukianza kupambana, simama, maana chombo kinakuambia kuna kitu hakiko sawa, na hatua inayofuata ukishupaa ni kuvunja kitu.

Spana inateleza, pembe za nati zinalika

Sababu kuu ni saizi. Dunia ina spana za milimita na za inchi, na nyingine zinakaribiana kiasi cha kudanganya. Spana ya inchi 3/4 ni mm 19.05, kwa hiyo kwa kazi za nyumbani inachukuliana na ya mm 19 bila shida. Lakini ya inchi 11/16 ni mm 17.46. Ukiivalisha nati ya mm 17 itaingia vizuri, itaonekana imeshika, na ukiipa nguvu itakwangua pembe. Vivyo hivyo spana ya mm 13 kwenye nati ya inchi 1/2, ambayo ni mm 12.7. Jaribio ni rahisi: ivalishe, kisha itikise bila kuikaza. Ikicheza kwa namna inayoonekana kwa macho, si yake.

Sababu ya pili ni spana malaya kutumika vibaya. Taya lake hulegea lenyewe kila unapoitoa na kuirudisha, kwa hiyo libane upya kila mara mpaka liguse nati pande zote mbili. Halafu angalia unakozungusha. Spana izunguke kuelekea upande wa taya linalosogea, ili taya lisilosogea, ambalo ni sehemu ya mwili wa spana, ndilo libebe mzigo. Ukigeuza, mzigo wote unaangukia kwenye gurudumu dogo la kurekebishia, nalo halikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Kisha kuna spana za pete na soketi zenye pembe 12. Zinafaa kwa nati mpya kwenye sehemu finyu, lakini kwa nati iliyozeeka au yenye kutu, pembe 6 hushika ubapa wa nati badala ya ncha zake. Mwisho kabisa ni spana iliyochoka, ambayo mdomo wake umepanuka. Hiyo haina matengenezo. Iondoe kwenye sanduku, maana ukiiacha utaishika tena siku una haraka.

Kama nati imeshaharibika, weka mafuta ya kulainisha kutu, subiri angalau robo saa, kisha ikaze kidogo kabla ya kuifungua. Mkazo huo mdogo huvunja kutu. Soketi ya pembe 6 iliyogongwa taratibu mpaka ikaingia mara nyingi inatosha, na isipotosha, tumia vaisgripu (koleo linalobana na kujifunga). Kupasha nati kwa moto ni njia ya fundi kwenye chuma kitupu, siyo mahali penye mpira, plastiki, au bomba lolote la gesi.

Simama hapa: ukiona bomba linazunguka pamoja na nati, hasa linaloingia ukutani, acha mara moja. Shikilia bomba kwa spana ya pili na uzungushe nati kwa ya kwanza. Kama bado linazunguka, mwite fundi bomba. Kiungo kikivunjika ndani ya ukuta, kazi ya spana moja inageuka kazi ya tindo na plasta. Nati yoyote iliyo kwenye njia ya gesi ni ya fundi wa gesi, hata ikionekana rahisi namna gani.

Kwa anayenunua: seti ya spana za milimita zenye mdomo upande mmoja na pete upande mwingine, kuanzia 8 hadi 24, halafu spana malaya mbili za urefu tofauti. Mbili, kwa sababu kazi ya bomba karibu kila mara inataka mkono mmoja ushike na mwingine uzungushe. Tazama taya la spana malaya kabla ya kulipa: lisogeze nusu, ulitikise juu na chini. Likicheza sana dukani, nyumbani litacheza zaidi.

Paipu renchi haishiki, au inang'ata na kuachia

Wengi wakiona taya la juu la paipu renchi linacheza hudhani limeharibika, na wapo wanaojaribu kulikaza. Ule mchezo umewekwa kwa makusudi. Taya huegemea kidogo unapovuta mpini, na kadiri unavyovuta ndivyo meno yanavyozama kwenye bomba. Bila mchezo huo, haishiki kabisa.

Kagua kwanza mwelekeo. Paipu renchi inang'ata upande mmoja tu: mdomo wake uelekee unakozungusha. Kama inateleza kabisa bila hata kukwaruza, yumkini umeigeuza.

Pili, meno yamejaa rangi, tepu ya nyuzi au gundi ya viungo. Yasafishe kwa brashi ya waya, ukifuata mfereji wa meno. Huu ni utunzaji wa dakika mbili, na ndio unaosahauliwa kuliko wote.

Tatu, bomba limekaa ndani kabisa mpaka limegusa mgongo wa taya. Acha nafasi ndogo kati ya bomba na mgongo huo, bomba liguswe na meno ya juu na ya chini tu. Likigusa sehemu tatu, taya haliwezi kuegemea.

Nne, saizi. Paipu renchi ya inchi 14 hufungua hadi bomba la inchi 2, lakini ikiwa imefunguliwa mpaka mwisho hushika vibaya. Kwa bomba za nyumbani za inchi 1/2 na 3/4, ya inchi 10 na nyingine ya 14 zinatosha kwa jozi.

Tano, springi imekatika au meno yamekuwa butu. Springi na mataya ya renchi nzuri hubadilishwa kwa vipuri, na hilo ni jambo la kuuliza kabla ya kununua: je, taya la akiba linapatikana?

Usichomeke bomba kwenye mpini ili kurefusha mkono. Mpini umepimwa kwa nguvu ya mtu, na ukikatika unakurusha chini au unakupiga usoni. Chukua renchi ndefu zaidi. Na usiitumie kwenye koki na nati zilizong'arishwa, kwani alama za meno hazifutiki. Hapo panataka spana yenye taya laini.

Msumeno wa chuma unakwenda upande, au bledi zinakatika

Tazama mwelekeo wa meno. Yanapaswa kutazama mbele, mbali na mpini, kwa sababu msumeno huu hukata unaposukuma. Bledi nyingi zina mshale mdogo. Baada ya hapo angalia mkazo: bledi iliyolegea hupinda ndani ya mkato, na mkato uliopinda ndio unaoivunja.

Idadi ya meno ni jambo la tatu. Meno 18 kwa inchi ni ya chuma kinene, 24 ya kazi ya kawaida, 32 ya bomba jembamba. Wakati wote meno yasiyopungua matatu yawe yamegusa unene wa chuma, la sivyo ukingo wa bomba unanasa jino mojamoja na kuling'oa. Sukuma polepole kwa urefu wote wa bledi, kama mara 40 hadi 60 kwa dakika. Anayekimbia hutumia sehemu ndogo ya katikati tu, anaipasha moto na kuifanya butu.

Kwa bomba la shaba, kikata bomba chenye gurudumu ni bora kuliko msumeno. Kikiacha mstari unaozunguka kama skrubu badala ya duara linalokutana, umekaza haraka mno, au gurudumu linayumba kwenye ekseli yake. Kaza robo zungusho baada ya kila mzunguko, si zaidi. Na ukilikata bomba kwa chombo chochote kile, kwangua makali yaliyobaki ndani na nje ya ukingo. Yaliyobaki nje hukata raba za viungo, na ya ndani husumbua mwendo wa maji.

Kiungo cha bomba la PPR (plastiki inayounganishwa kwa kuyeyushwa) kinavuja, au maji yanatoka kidogo

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kazi hii inaonekana rahisi sana kwa kutazama, na kosa lake hujificha. Kiungo kibaya cha PPR kinaweza kupita majaribio ya siku ya kwanza, kikaja kuachia baada ya muda, kikiwa kimeshafunikwa kwa vigae.

Joto pungufu ndilo linaloongoza. Mashine inatakiwa kufika nyuzi 260 za Selsiasi. Taa kubadilika mara ya kwanza kunamaanisha bamba limefika joto, lakini soketi za kuchomea zilizofungwa juu yake hukawia kidogo. Ngoja taa izime na kuwaka tena angalau mara moja kabla ya kuanza. Kama mashine inatumia ekstensheni ndefu yenye waya mwembamba, volti hushuka, na joto hupanda kwa shida baada ya kila kiungo. Tumia ekstensheni fupi yenye waya mnene, na uikunjue yote, maana kebo iliyobaki imezungushwa kwenye gurudumu lake hupata moto.

Muda ni wa pili. Majedwali ya watengenezaji wengi yanakubaliana hivi: bomba la mm 20 sekunde 5, mm 25 sekunde 7, mm 32 sekunde 8, mm 40 sekunde 12. Kuhesabu kunaanza pale bomba na kiungo vyote viwili vimeshaingia mpaka mwisho, siyo vinapogusa. Ukivitoa, una kama sekunde 4 za kuviunganisha kwa mm 20 na 25, na kama 6 kwa mm 32 na 40. Kiungo cha mm 20 kikiunganishwa, kiache dakika 2 bila kukigusa. Marekebisho ya unyoofu ni katika sekunde chache za mwanzo tu, na usikizungushe hata kidogo. Kuzungusha huchana plastiki iliyokuwa inaanza kushikana.

Maji yakitoka kidogo ilhali hakuna uvujaji, umepasha mno au umesukuma mno. Plastiki iliyoyeyuka imejikusanya ndani na kufunga njia. Weka alama ya kina kwa penseli kabla ya kuchoma: kwa bomba la mm 20 ni kama mm 14. Alama hiyo ndiyo breki yako. Kiungo kilichoziba hakizibuliki, kikate na uweke kingine.

Sababu nyingine ni uchafu na unyevu. Tone moja la maji linalotiririka kutoka kwenye bomba la zamani linageuka mvuke na kuacha tundu dogo. Kama valvu haifungi sawasawa na maji yanaendelea kudondoka, kazi haianzi mpaka yakome.

Kisha kagua soketi za mashine. Utando wake mweusi usioshika plastiki ukikwaruzwa, plastiki hunata, huungua na kuhamia kwenye kiungo kinachofuata. Zifute zikiwa bado za moto kwa kitambaa kikavu cha pamba, ukiwa umevaa glavu nene. Usitumie kisu wala brashi ya waya. Zilizochubuka badilisha, huuzwa pekee bila mashine.

Ukitaka kujua kama mkono wako umekaa sawa, choma kiungo cha majaribio, kiache kipoe, kisha kipasue kwa urefu kwa msumeno. Mstari wa kati ya bomba na kiungo usionekane, na pete ya plastiki iliyojikunja ndani iwe ndogo na sawa pande zote. Naipenda sana njia hii, kwa kuwa inaonyesha ukweli ambao nje hauonekani.

Mwite fundi kama kiungo kinachovuja kiko kwenye bomba la maji ya moto linalotoka moja kwa moja kwenye hita, au kama viungo zaidi ya kimoja vya mtu yuleyule vimevuja. Hapo mfumo wote unahitaji kupimwa kwa shinikizo.

Nyuzi zimekazwa vizuri lakini maji yanapenya

Tepu ndiyo ya kwanza kutazamwa: izungushwe kufuata mwelekeo wa kukaza, ili kiungo kikiingia kiibane badala ya kuifumua. Pili, umekaza halafu ukarudisha nyuma kidogo ili koki ikae wima. Ukirudisha, tepu imeshakatika. Fungua, safisha, weka mpya.

Sababu ya tatu huwachanganya hata wenye uzoefu. Kuna mifumo miwili mikubwa ya nyuzi za bomba, wa Uingereza na wa Marekani. Kwa inchi 1/2 na 3/4 yote miwili ina nyuzi 14 kwa inchi, kwa hiyo vinaanza kuingiliana bila kelele. Lakini pembe ya nyuzi za Uingereza ni digrii 55 na za Marekani ni 60, na upana wake haulingani. Kiungo kinakaza mapema kuliko kawaida, kinaonekana imara, kinavuja daima. Kikikaza baada ya mizunguko miwili au mitatu tu, usikilazimishe. Kageji ka bei ndogo ka kupimia nyuzi kanamaliza ubishi.

Kama wewe ndiye uliyekata nyuzi kwa dai (chombo cha kukatia nyuzi), tazama kama zimechanika. Dai butu, au iliyotumika bila mafuta ya kukatia, hung'oa chuma badala ya kukikata. Weka mafuta mara kwa mara, rudisha dai nyuma kila baada ya nusu mzunguko ili chembe zikatike, na isafishe kabla ya kuihifadhi.

Drili inazunguka lakini haitoboi, au inatoa moshi

Angalia kitufe cha mwelekeo. Ndiyo, hicho. Drili iliyo kwenye kurudi nyuma hupiga kelele, hupasha ukuta moto na haitoboi, na watu wameshatupa biti nzima kwa sababu hiyo.

Kama mwelekeo uko sawa, biti siyo ya kazi hiyo. Ya zege ina ncha pana ya kabaidi iliyochomelewa, ya chuma ina ncha yenye kingo mbili kali, ya mbao ina mwiba katikati. Biti ya chuma kwenye zege huisha makali ndani ya sekunde chache, kisha hata kwenye chuma haifai mpaka inolewe.

Tatu ni mwendo. Kadiri tundu linavyokuwa pana ndivyo drili itakiwavyo kwenda polepole. Biti ya mm 10 kwenye chuma cha kawaida inataka mizunguko chini ya 1000 kwa dakika, na drili nyingi za mkono hukaribia 3000 ukibonyeza hadi mwisho. Chuma kisichoshika kutu kinataka polepole zaidi, mkandamizo wa kutosha na mafuta. Ukikichekea kwa mwendo mkubwa kinakuwa kigumu pale pale unapotoboa.

Nne, umekutana na nondo ndani ya zege. Ukuta ulikuwa unakwenda vizuri, ghafla biti imegoma na mlio umebadilika. Hamisha tundu. Kukata nondo ya boriti au nguzo ni kudhoofisha jengo, na uamuzi huo si wa mwenye drili.

Kwenye vigae, zima mtindo wa kugonga mpaka umevuka kigae chote. Bandika tepu ya karatasi juu yake ili biti isiteleze mwanzoni.

Cheche za buluu ndogo kwenye matundu ya mota ni za kawaida kwa drili zenye kaboni, yaani vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka. Zikiwa kubwa, za rangi ya machungwa, zikazunguka kama pete, au mashine ikawa inazima na kuwaka, toa plagi na ukague kaboni. Zikibaki kama mm 5 au 6, au zikifika alama yake, badilisha zote mbili kwa pamoja. Cheche zikiendelea na kaboni mpya, au ukisikia harufu ya vanishi iliyoungua, ni kazi ya fundi wa mota.

Kabla ya tundu lolote ukutani, fikiria nyaya na mabomba yanapita wapi. Kwa kawaida nyaya hupanda au kushuka wima kutoka kwenye soketi na swichi, na mabomba huelekea kwenye koki kwa mstari, lakini si kila aliyejenga alifuata kawaida. Tumia kipima nyaya ukutani. Ukitoboa ukaona maji, funga valvu kuu. Ukitoboa na breka ikaanguka, usiiwashe tena, mwite fundi umeme.

Betri ya drili haikai na chaji

Kabla ya kununua nyingine, futa vishikio vya shaba vya betri na vya chaja kwa kitambaa kikavu. Vumbi la zege hukaa hapo. Halafu kumbuka joto: betri ya lithiamu ikitoka kwenye kazi nzito chaja nyingi huikataa mpaka ipoe, na isichajiwe ikiwa chini ya nyuzi 0. Kuihifadhi tupu kwa miezi ndiko kunakoiua. Iweke ikiwa na takriban nusu ya chaji, mahali pakavu pasipo na jua.

Betri iliyovimba, iliyopasuka, au inayopata moto bila kutumika, isichajiwe tena hata mara moja. Itoe nje, mbali na vitu vinavyoungua, usiitoboe wala kuifungua, na uipeleke inakopokelewa taka za betri.

Pampu ya mpira na waya wa kuzibulia havifanyi kazi

Kwenye sinki, ziba kwanza tundu la maji ya ziada kwa kitambaa chenye maji. Likiwa wazi, nguvu yote hutokea hapo. Maji yafunike mpira, na msukumo wenyewe uwe wa kuvuta zaidi kuliko kukandamiza. Mpira uliokakamaa haufungi ukingo, badilisha.

Waya ukikunjamana ndani ya bomba, unazungusha huku unasukuma kwa nguvu. Uache ujizungushe wenyewe kwenye kona. Baada ya kazi uoshe, ukaushe, uupake mafuta kidogo, la sivyo mara ijayo utakuta kutu imeula katikati.

Onyo kubwa: kama kuna mtu ameshamwaga dawa kali ya kuzibulia, usipige pampu wala kuingiza waya. Itakurukia machoni. Wala usiongeze dawa nyingine juu yake, kwani klorini ikikutana na asidi hutoa gesi yenye sumu. Maji machafu yakirudi kwenye sinki na choo kwa wakati mmoja, kizuizi kiko kwenye bomba kuu na vifaa vya mkono havitafika.

Tochi ya gesi inawaka njano, au lehemu haitiririki

Mwali wa njano unamaanisha hewa haitoshi. Matundu ya hewa yameziba kwa vumbi au utando wa buibui. Yapulize kwa hewa, usitumbukize sindano kwenye jeti, maana tundu likipanuka mwali hauwi sahihi tena. Ikififia wakati wa baridi, kagua gesi yenyewe: butani huacha kugeuka mvuke ikikaribia nyuzi 0, ilhali propani huendelea hadi karibu nyuzi 42 chini ya sifuri.

Lehemu ikigoma kuingia kwenye kiungo cha shaba, mara nyingi kuna maji ndani ya bomba. Yakiwepo, joto lote linaishia kuyachemsha. Yaondoe kabisa. Pili ni usafi: shaba ing'arishwe kwa msasa mwembamba mpaka iwe angavu, kisha ipakwe flaksi, dawa inayosaidia lehemu kushika. Flaksi ikiwa nyeusi, umeiunguza, anza upya. Pasha kiungo, siyo lehemu. Ya bati na shaba isiyo na risasi huyeyuka karibu na nyuzi 227, nayo ndiyo inayofaa kwa maji ya kunywa.

Paka maji ya sabuni kwenye viungo vya tochi kila unapobadilisha mtungi. Povu likitokea, funga na usiwashe. Usitafute uvujaji kwa kiberiti kamwe. Na karibu na mbao, weka kitambaa kisichoungua, uwe na maji au kizimamoto mkononi, kisha urudi kukagua baada ya muda, kwani mbao inaweza kufukuta ndani bila moshi.

Mita inasema hita ni nzima, lakini maji hayapati moto

Anza na mita yenyewe. Betri yake ikiwa dhaifu inatoa namba za uongo, na fyuzi ya ndani ikikatika baadhi ya vipimo hubaki sifuri. Gusanisha ncha mbili kwenye kipimo cha omu: isome karibu na sifuri. Isiposoma hivyo, waya wa mita umekatika au umechomekwa kwenye tundu la ampea. Tundu hilo ni hatari, kwa sababu ukipima volti mita ikiwa hapo umeunganisha nyaya mbili moja kwa moja.

Teste ya bisibisi isitumike kuthibitisha kwamba umeme haupo. Taa yake inaweza isiwake kwa sababu umesimama juu ya kitu kikavu, au imekufa tu. Pima kwa mita kwenye soketi unayojua ina umeme, pima hita, kisha rudi kwenye soketi ileile uhakikishe mita bado inafanya kazi.

Umeme ukiwa umezimwa kwenye breka na mita imethibitisha, toa nyaya za elementi (kipashio cha ndani ya hita) na upime omu zake. Hesabu ni volti mara volti, gawanya kwa wati. Kwa volti 230, elementi ya wati 3000 isome karibu 18, ya wati 2000 karibu 26, ya wati 1500 karibu 35. Isiposoma chochote, imekatika. Ikisoma sawa, geukia themostati na kitufe chake cha usalama, ambacho huruka maji yakizidi moto. Kitufe kikiruka tena baada ya kukirudisha, kuna sababu, usikifunge wala kukipita kwa waya.

Kisha pima kati ya elementi na mwili wa tangi. Kusiwe na usomaji wowote. Ukiwepo, elementi imepasuka na umeme unaingia kwenye maji. Ila kutosoma kitu kwa mita ya kawaida hakuthibitishi usalama, kwa kuwa ufa mdogo huonekana kwa kipimo cha volti 500 tu, na hicho anacho fundi umeme. Kwa hiyo kama mtu amewahi kuhisi mtekenyo akigusa koki au maji ya kuogea, hita izimwe na isitumike na mtu yeyote mpaka fundi aje, mita yako iseme isemavyo.